Risala ya wachimbaji wa zamani wa makaa ya mawe Kiwira na wajane wao kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Madiwani,
Watendaji wa kata na vijiji,
Viongozi wa dini, wazee wetu, wajane na watoto wa wachimbaji,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya kikundi chetu cha waliofanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe Kiwira, pamoja na wajane wa wenzetu waliotangulia mbele ya haki, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua ratiba yako ni nzito na waliokualika ni wengi. Umetuchagua sisi, tunashukuru sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya mahali hapa tutaipitia haraka. Makaa ya bonde hili yalijulikana tangu enzi za Wajerumani, na kabla ya mgodi mkubwa yalichimbwa kwa kiasi kidogo kule Ilima. Ujenzi wa mgodi wa Kiwira ulianza mwaka 1983 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, na mwaka 1988 ukaanza kazi ukiwa na uwezo wa kutoa tani 150,000 kwa mwaka na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Wandali na Wanyakyusa waliingia shimoni pamoja na vijana kutoka mikoa ya mbali. Makaa waliyoyatoa yaliwasha tanuri la saruji Mbeya na kuchemsha mitambo ya karatasi kule Mgololo. Mwaka 2005 mgodi ulibinafsishwa, uzalishaji ukasuasua hadi ukasimama, kisha ukarejeshwa serikalini chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Leo makaa yanachimbwa kwa mgodi wa wazi Kabulo, na tunafurahi kuona makaa ya huku yakitengenezewa mkaa mbadala wa Rafiki Briquettes unaopikia nyumba za mijini.

Kikundi chetu nacho kimepiga hatua kubwa. Tuna mfuko wa kufa na kuzikana ambao haujawahi kukwama siku ya msiba. Tumenunua turubai, viti vya plastiki na masufuria makubwa, na vijiji vya jirani sasa vinakuja kukodi kwetu. Tuna akaunti benki. Zaidi ya yote, tumeandika daftari nene lenye jina la kila mwanachama, mwaka alioingia kazini, mwaka alioacha, na sehemu aliyofanyia kazi: kuchoronga, kulipua, kupakia, kufunga nguzo, karakana au ofisini. Hatujui kikundi kingine cha aina yetu katika ukanda huu chenye kumbukumbu kama hii, na ombi letu la leo linasimama juu ya daftari hilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba wachimbaji wa zamani wapimwe mapafu.

Chini ya ardhi, tabaka la makaa limebanwa na mwamba wa mchanga na mwamba wa udongo. Njia haipiti kwenye makaa matupu. Mchorongaji hutoboa mwamba, baruti hulipuka, na vumbi linalotoka ni la aina mbili, jeusi la makaa na la kijivu lenye silika, madini yaliyomo kwenye mwamba na mchanga. Vumbi linaloonekana kwa macho huishia puani na kooni, likatemwa. Linaloharibu mapafu ni lile la chembe ndogo kuliko mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele mmoja ni kama mikroni 70. Hizo hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa na kubaki humo. Kitambaa cha kufunga puani hakizizuii. Maji yakipita kwenye kichorongeo vumbi hupungua sana, lakini maji yakikatika na kazi ikaendelea, mchorongaji anamaliza zamu akiwa ndani ya wingu.

Pafu hujenga kovu kuzunguka chembe hizo, na kovu linaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kujionyesha. Kijana aliyeingia shimoni mwaka 1988 akiwa na miaka 25 sasa amevuka 60. Kwa hiyo akianza kupumzika mara mbili kwenye kilima alichokuwa akikipanda bila kusimama, watu wanasema ni uzee, naye mwenyewe anakubali.

Akifika kituo cha afya na kikohozi, anapimwa makohozi kwa kuhofia kifua kikuu. Majibu yakiwa hasi anapewa dawa ya kikohozi. Akirudi tena na tena, ama anaambiwa ana pumu, ama anaanzishiwa dozi ya kifua kikuu ya miezi 6, ambayo haiondoi kovu la vumbi. Hatuwalaumu wauguzi wetu, maana wanafanya kazi kwa walichonacho. Upande wa pili unatutisha zaidi. Silika hudhoofisha kinga ya pafu, na kifua kikuu cha kweli humpata mchimbaji kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Huyo naye akiambiwa ni vumbi tu, anarudi kulala chumba kimoja na wajukuu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kinachoweza kutenganisha haya ni picha ya eksirei ya kifua iliyopigwa sawasawa, ikisomwa pamoja na kipimo cha makohozi na historia ya kazi. Tunasisitiza iwe imepigwa sawasawa. Mtu asimame kifua kikigusa sahani ya kunasia picha, asukume mabega mbele ili mifupa ya mabega isifunike mapafu, mashine iwe umbali wa sentimita 180, kisha avute pumzi mpaka mwisho na kuizuia. Akivuta nusu, sehemu ya chini ya mapafu hutoka na ukungu, na msomaji anaweza kuandika ugonjwa usiokuwepo. Mionzi ikizidi, vidoa vidogo vya chini ya milimita 1.5 hupotea, na mgonjwa anaambiwa ni mzima. Halafu picha isomwe na daktari aliyefundishwa kuilinganisha na picha sanifu za Shirika la Kazi Duniani, zinazopanga vidoa kuanzia daraja 0 hadi 3. Maneno ya jumla kwamba mapafu hayako vizuri hayamfikishi mtu popote kwenye dai la fidia.

Pamoja na picha, kuna spairometa, kifaa cha kupulizia kinachopima nguvu ya mapafu. Mpimwaji hupuliza kwa nguvu hadi pumzi iishe, apate mipulizo mitatu mizuri inayokaribiana. Kifaa kihakikiwe kila siku kwa bomba la kusukumia hewa la lita 3, na kila mtu awe na mdomo wake wa karatasi wa kupulizia. Makohozi yapimwe kwanza, na anayetema damu asipulizishwe. Wazee wetu wengi watakatisha mpulizo wa kwanza, kwa hiyo tunaomba mpimaji mwenye subira.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ahadi ya kupimwa kifua si ngeni masikioni mwetu. Tumewahi kuipokea kwa makofi, kwenye hafla kama hii, kutoka kwa mgeni rasmi tuliyemheshimu kama tunavyokuheshimu wewe. Baada ya hapo tuliambiwa tuandike barua, tukaandika. Tukaambiwa suala linafanyiwa kazi, tukasubiri. Nakala za barua zenye mihuri ya kupokelewa ziko mezani kwa Katibu. Wakati ule tuliomba zahanati, gari la wagonjwa na mashine, tukaahidiwa vyote kwa pamoja. Baadhi ya waliopiga makofi siku ile leo wake zao wameketi hapa mbele yako wakiwa wajane.

Safari hii hatuombi jengo wala gari. Tunaomba timu moja ije na mashine ya eksirei ya kubebeka ya kidijitali na spairometa, ikae hapa wiki moja, na picha zitumwe zikasomwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Kumpeleka mzee mmoja mmoja ni nauli, chakula, malazi na mtu wa kumshika mkono, na wengi huishia njiani. Ukumbi tutautoa sisi, chakula cha timu tutapika sisi, na watu tutawapanga kwa zamu kwa kufuata daftari, tukianza na wachorongaji na walipuaji.

Kuna kikwazo ambacho ofisi yako inaweza kukiondoa kwa barua moja. Tangu Mkoa wa Songwe uanzishwe mwaka 2016, Wilaya ya Ileje iko Songwe na ya Kyela imebaki Mbeya. Waliochimba shimo moja sasa wana Waganga Wakuu wa Mikoa wawili. Tunaomba barua iende kwa wote wawili kwa siku moja, ili pasiwe na upande unaousubiri mwingine.

Vilevile tunaomba faili za utumishi, popote zilipo, zifunguliwe ili kila mmoja apate cheti cha kazi. Taarifa ya michango ya PPF, mfuko wa pensheni ambao mwaka 2018 uliunganishwa kwenye PSSSF, inaonyesha miaka ya ajira, lakini haisemi kama mtu alikuwa shimoni au ofisini, na daktari anahitaji kulijua hilo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Wengi wetu tuliacha kazi kabla ya hapo. Tunaomba kauli ya maandishi kuhusu haki yetu, hata kama jibu ni kwamba hatumo. Jibu hilo litatuuma, lakini wajane wataacha kulipa nauli kulifuata.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba kwa heshima zote umtaje leo ofisa mmoja tutakayemfuatilia kwa jina, na mwezi ambao timu itafika. Kama haiwezekani, utuambie leo hii. Mwenyekiti atakukabidhi nakala ya daftari letu pamoja na risala hii, nasi tunaomba utusainie kwenye kitabu cha kupokelea nyaraka.

Tunaomba kuwasilisha.