Sabuni ya mgombea na ushahidi wa mahakamani

Mhariri,

Kila kampeni zikianza hapa Uganda, sabuni, chumvi na noti hugawiwa mchana kweupe. Uchaguzi ukiisha, kesi nyingi za rushwa hiyo huanguka mahakamani, na inauma kwa sababu sheria ipo. Sheria ya Uchaguzi wa Bunge ya 2005 humbana mtoaji na mpokeaji vilevile: faini isiyozidi shilingi 1,440,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hata harambee na michango ya mgombea wakati wa kampeni imekatazwa. Viongozi wa makanisa na misikiti, tafadhali msimwalike mgombea kuchangia mabati.

Kesi hukwama kwenye ushahidi. Video ya umati unaogombania sukari haitoshi. Jaji atauliza: aliyepokea ni nani, na ameandikishwa kupiga kura? Hapo ndipo wengi hushindwa. Basi andikeni siku ileile jina la mpokeaji, kituo chake cha kura, kilichotolewa, mahali na saa, kisha mlihakiki jina hilo kwenye daftari la wapiga kura. Ikiwa aliyegawa ni wakala, lazima ithibitishwe kwamba mgombea alijua na kuridhia. Bila hivyo ushindi wake hautenguliwi.

Msichelewe. Kesi ya ubunge hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu matokeo kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na mashahidi wa kuaminika hutafutwa kabla ya hapo.

Wasomaji wenu,
Kampala