Kwa wazee wenzangu wa barazani Wete: tusimkatishe mgonjwa dawa zake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, nakuandikieni juu ya jambo tulilolipitia kwa wepesi Ijumaa iliyopita, pale baba mmoja alipotuuliza iwapo mwanawe aendelee na vidonge alivyopewa hospitali, nasi tukamjibu kwa kauli moja kwamba aviache, kwa kuwa wiki nzima imepita na kijana bado hali chakula, hapati usingizi wala hasemi na mtu. Nami nilikuwapo nikanyamaza, ilhali kazi ya uuguzi nimeifanya mpaka nimestaafu, na nilijua kuwa tunakosea.

Maradhi yale madaktari huyaita sonona. Sisi tuna majina yetu: ana mawazo, kaingiwa, kafanyiwa. Huzuni kila mja huionja, na Kurani yatusimulia Nabii Yaakub aliyemlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Sonona humkalia mtu wiki 2 na zaidi, karibu kutwa nzima kila siku, ikamwondolea hamu ya vile alivyokuwa akivipenda, ikamvuruga usingizi na chakula, na pengine ikamfanya aone heri asingekuwapo. Utamkuta mgonjwa mikarafuu yake imezaa, mkewe amejifungua salama, naye yumo ndani na mlango kaufunga.

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Khorasan aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na isiyojulikana sababu yake, ambayo aliiona yatoka mwilini. Ya kwanza aliitibu kwa maneno na fikra njema, ya pili kwa tiba ya mwili. Uchafu wa damu alioushutumu kuwa ndio chanzo haukubaliki leo, kama isivyokubalika nyongo nyeusi iliyoshutumiwa na Wayunani waliomtangulia, lakini mgao ule ungetufaa Ijumaa ile.

Dawa za sasa zilipatikana bila ya mtu kuzikusudia. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View, kisiwani Staten Island, New York, wagonjwa waliojaribiwa dawa ya mapafu iitwayo iproniazidi walichangamka na kurejewa na hamu ya kula kupita ilivyotarajiwa. Kufika 1957 dawa hiyo ikitumiwa kwa wenye sonona, na mwaka huohuo daktari Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza dawa nyingine ya sonona, imipramini, ambayo nayo ilijaribiwa kwanza kwa maradhi mengine ya akili. Iproniazidi iliachwa baadaye kwa kuwa iliumiza ini. Jamaa za imipramini, kama amitriptilini, zinatumika hadi leo. Wanasayansi wakakisia kwamba mgonjwa amepungukiwa na kemikali zinazopeleka habari baina ya seli za ubongo, serotonini mojawapo. Dhana hiyo imeonekana kuwa nyepesi mno, kwani kidonge huzigusa kemikali hizo ndani ya saa chache, na nafuu yenyewe huja baada ya wiki 2 hadi 4, pengine zaidi.

Hapo ndipo tulipoteleza. Siku za mwanzo mgonjwa hupata karaha za dawa, mdomo kukauka, kichefuchefu au usingizi mzito, kabla hajaonja faida yoyote, na aliye naye nyumbani huapa kwamba dawa inamzidishia. Mdogo wangu alimwagiwa vidonge vyake chooni siku ya 9, na aliyevimwaga ni mimi, kabla sijasomea uuguzi. Alikaa ndani karibu mwaka mzima. Na hata nafuu ikija, dawa huendelezwa miezi kadhaa, aghalabu si chini ya 6, kisha daktari huipunguza kidogokidogo.

Sisemi kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, liachwe, wala dua. Mtume wetu ametuamrisha kujitibu, na anywaye kombe anaweza kumeza na kidonge. Ninachokipinga ni kumkesha kwenye ngoma ya kupunga pepo mtu ambaye hajalala siku tatu.

Wala dawa si vidonge pekee. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kulitatua tatizo moja kwanza. Katika utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016, waliokalia mabenchi hayo walipungukiwa na dalili, baada ya miezi 6, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wenyeji huyaita maradhi hayo kufungisisa, yaani kufikiri mno, na Mpemba hahitaji kufasiriwa neno hilo. Nasi benchi tunalo, la saruji, tumelijaza bao na kahawa.

Kesho baada ya alasiri nakwenda kwa baba yule kumwomba radhi. Naomba wawili wenu tufuatane, maana nikienda peke yangu ataona baraza limegawanyika. Tukifika, tusimwambie kijana ajikaze. Tumuulize kala nini, kalala saa ngapi, na kama anafikiria kujidhuru. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali jioni ileile. Gari nimeshamwambia mjukuu wangu aiweke tayari.

Wasalaam,
Mzee mwenzenu, muuguzi mstaafu, Wete, Pemba