Kuchanika kwa aota si maumivu ya kifua pekee

Ndugu Mhariri,

Mwigizaji wa Marekani John Ritter alipougua ghafla kazini Septemba 2003, alitibiwa kwanza kama mgonjwa wa mshtuko wa moyo, kumbe ukuta wa ndani wa aota, ateri kuu itokayo moyoni, ulikuwa umechanika. Alifariki siku hiyohiyo. Maumivu makali ya kifua yanayopenya hadi mgongoni yanajulikana. Wanaosahaulika ni wagonjwa wanaofika wakiwa na dalili za kiharusi, waliozirai, au wenye mguu uliopoa ghafla, wengine bila maumivu yoyote, na kwao dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda yaweza kuua. Kupima shinikizo la damu katika mikono yote miwili, kuona kama linatofautiana (ishara ya mchaniko), ni kazi ya dakika chache (nayo hupuuzwa mno), ingawa vipimo vikilingana bado havitoshi kuondoa shaka bila picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya mishipa.

Muuguzi wa dharura,
Morogoro