Kwa nini 70

Mambo vipi rafiki yangu, natumai uko poa. Uliniuliza naipenda namba gani kuliko zote nikakujibu 70 bila kueleza, sasa leo nakueleza maana hii namba haifai kupitwa hivi hivi.

Anza na vigawo vyake, yaani zile zinazoigawanya bila kubaki kitu, 70 yenyewe iache pembeni: 1, 2, 5, 7, 10, 14 na 35. Jumlisha, unapata 74, imezidi kwa 4. Hapo bado hakuna maajabu, hata 12 vigawo vyake vinazidi, 1 na 2 na 3 na 4 na 6 ni 16, nayo imezidi kwa 4, ila kwa 12 ukiitoa ile 4 zilizobaki zinakuwa 12 kamili. Sasa jaribu kwa 70. Unataka kutoa 4 lakini 4 haimo, 1 na 2 zinakupa 3 tu, inayofuata ni 5 ambayo ishapita. Basi, njia imefungwa! Vigawo vinatosha na kuzidi, lakini hata uchague vipi hutapata baadhi yake vinavyofika 70 kamili. Hizi ndo wanaziita namba za ajabu na 70 ni ndogo kuliko zote, chini ya 1000 iko na 836 tu.

Na haziishi, chukua 70 uizidishe kwa namba tasa yoyote inayozidi 144 (144 ni ile 74 ukiongeza 70 yenyewe) unapata nyingine, mfano 70 mara 149 ni 10430.

Alafu kuna hili, jumlisha 1 mara 1, 2 mara 2, 3 mara 3, endelea hadi 24 mara 24, jumla ni 4900, yaani 70 mara 70. Mwanahisabati Édouard Lucas alilileta kama swali mwaka 1875, la kupanga risasi za mizinga, zile za duara, kwenye piramidi yenye tabaka za mraba, hadi jumla yake iwe namba mara yenyewe, na mwanahisabati G. N. Watson akathibitisha 1918 kwamba ukiacha ile ya 1 peke yake hakuna piramidi nyingine ya hivyo. Moja tu duniani, na ni ya 70, mi hapo nasisimka kabisa.

Ila kinachoninyima usingizi ni witiri. Wanahisabati Benkoski na Erdős waliandika kuhusu namba za ajabu 1974, na mpaka leo zote zinazojulikana ni shufwa, hakuna aliyepata witiri hata moja na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Yaani swali linaeleweka kwa mtu anayejua kujumlisha na kugawanya tu, na bado liko wazi.

Ebu chukua 836 mwenyewe, vigawo vyake bila yenyewe vinafika 844, tafuta kama kuna namna ya kutoa 8, alafu uniandikie umeona nini.

Wako, rafiki yako.