Swali la utafiti: kikao Alhamisi saa kumi

Habari zenu wapendwa,

Kikao cha Alhamisi kimesogezwa kutoka saa nane hadi saa kumi kamili jioni, chumba kile kile cha mikutano. Kila mmoja atume hapa swali lake moja la utafiti, mwisho Jumatano jioni.

Nimesoma yaliyokwisha kuja. Mengi yanaanza na "Kwa nini wao...". Hapo tunawachunguza wenzetu, wakati utafiti tendaji (unajaribu badiliko kazini na kuandika kinachotokea) huanzia kwenye kazi yako mwenyewe. Mfano, "Kwa nini wapya hawaulizi?" ligeuze hivi: "Nikikaa na mfanyakazi mpya dakika 10 za mwanzo wa zamu, maswali yake yatabadilikaje ndani ya wiki 4?" Sasa kuna kitendo, muda, na kitu cha kuandika daftarini.

Kabla hujatuma, jiulize:
1. Hili naweza kulijaribu mwenyewe, bila kusubiri wakubwa?
2. Jibu ninalo tayari? (Kama unalo, hilo si swali, ni ombi la bajeti 😄)
3. Linaishia kwenye ndiyo au hapana? Lipanue.

Aliyekwama anipigie tulisuke pamoja. Tafadhali thibitisheni leo kabla ya saa mbili usiku: "Nipo" au "Sitafika".