Dirty Jobs ilinifunza kuheshimu fundi

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee Dirty Jobs, ile programu ya tivii ya Discovery Channel kuhusu kazi chafu na ngumu, iliyoanza rasmi 2005, maana bado naikumbuka sana. Mtangazaji wake, Mike Rowe, haji pale kama bosi, anakuja kama saidia fundi, anaingia kwenye mitaro ya majitaka na anakosea mbele ya kamera na wenye kazi wanamrekebisha.

Ile ya wafugaji wa kondoo kule Colorado ndo sitaisahau, kuhasi wanakondoo, Rowe akakuta mfugaji anatumia kisu na meno, akashtuka, akataka wafanye kwa mpira wa kubana kama alivyoshauriwa na watetezi wa wanyama, sasa mwanakondoo wa mpira akabaki anatetemeka kwa maumivu na yule wa kisu kaondoka zake fasta. Yani mfugaji alikua anaijua kazi yake kuliko walioko ofisini!

Ilisimama 2012, ikarudi 2022. Naomba tivii zetu ziionyeshe tena jioni, watoto wakiwa macho, na mafundi waulizwe wenyewe kuhusu kazi zao.

Msomaji wenu, Morogoro