Majira ya Eneo Lako Huanza Lini Hasa?

Wateja wengi hutuletea data ya hali ya hewa ikiwa imeshagawanywa katika miezi mitatu mitatu: Desemba hadi Februari, Machi hadi Mei, na kuendelea. Kwenye ukanda wa tropiki, ambako joto hubadilika kidogo na mvua ndiyo hutenganisha majira, mgawanyo huo unaweza kukata msimu mmoja wa mvua katikati. Hata nchi za baridi si zote zinazofuata kalenda. Uswidi huhesabu kuwa majira ya joto yamefika pale wastani wa joto la siku unapofikia nyuzi 10 au zaidi kwa siku tano mfululizo.

Sisi huanza na rekodi za kila siku za miaka 30, kipindi ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukitumia. Cha sasa ni 1991 hadi 2020. Tunazikagua kwanza, na hapo hatuharakishi. Siku ambayo mvua haikupimwa ikiandikwa sifuri, inazaa ukame ambao haukuwapo.

Kisha tunatafuta wastani wa mvua kwa siku katika mwaka mzima. Kila siku tunatoa wastani huo kwenye mvua iliyonyesha, na tofauti tunaijumlisha na za siku zilizotangulia. Mstari wa grafu ya jumla hiyo hushuka siku zote za ukavu, kwa kuwa kila siku inaongeza upungufu. Unapofika chini kabisa na kugeuka kupanda, msimu wa mvua umeanza; unapofika kileleni, umekwisha. Penye misimu miwili ya mvua, mabonde huwa mawili na vilele viwili, kwa hiyo kila msimu tunaupima peke yake. Tunaipenda njia hii kwa sababu eneo lenyewe ndilo linaloweka kizingiti chake.

Mwishowe tunaunganisha vituo vya kupimia mvua ambavyo mwenendo wake wa mwaka unafanana. Mara nyingi mpaka unaojitokeza hufuata milima au umbali kutoka baharini, wala haujali mipaka ya mikoa.

Hatutoi tarehe moja. Miaka ya El Nino na La Nina, yaani Pasifiki ya tropiki inapokuwa na joto au baridi kuliko kawaida, inaweza kusogeza mwanzo wa mvua kwa wiki kadhaa, hivyo ripoti inaonyesha tarehe ya katikati, ya mapema na ya kuchelewa.

Ukija, tuletee rekodi za kila siku, na mapengo uyaache wazi. Jumla za mwezi hazitoshi kuonyesha siku msimu ulipoanza.